Great Missenden au Cookham: Ulinganisho kwa Anayetaka Kununua Nyumba katika Kijiji cha Kale Karibu na London

Mtu anayefanya kazi London na kutamani kulala kijijini ana vijiji vingi vya kale vya kuchagua katika kaunti zinazolizunguka jiji hilo, na madalali hawatachoka kumpeleka kimoja baada ya kingine. Makala haya yanalinganisha viwili tu: Great Missenden, kilichoko Buckinghamshire, na Cookham, kilichoko Berkshire. Nimevichagua kwa sababu bei za nyumba ni kubwa kotekote, umbali wa kufika London unakaribiana, na kila kimoja kina mtaa mkuu wa nyumba za kale ambao humfanya mgeni aamue kununua kabla hajauliza lolote. Tofauti zake ziko mahali ambapo mgeni hatazami: kwenye reli, kwenye maji, kwenye kuta za nyumba na kwenye mtihani wa mtoto wa miaka kumi.

Great Missenden kimelala katika bonde la mto mdogo uitwao Misbourne, ndani ya vilima vya Chiltern ambavyo vimelindwa kisheria tangu mwaka 1965 kwa uzuri wa mandhari yake. Abasia ya Waaugustino ilianzishwa hapo mwaka 1133, na kwa karne nyingi magari ya farasi yaliyokuwa yakitoka London yalipumzika katika High Street, jambo linaloeleza kwa nini nyumba kadhaa za mtaa huo mwembamba zilianza maisha kama nyumba za wageni. Mwandishi Roald Dahl aliishi hapo kuanzia mwaka 1954 hadi alipofariki mwaka 1990, na jumba la makumbusho yake lililofunguliwa mwaka 2005 huvuta familia nyingi, hasa siku za mapumziko ya shule. Atakayenunua nyumba High Street ajue kwamba wageni hao watapiga picha mlango wake, na kwamba Jumamosi maegesho ya gari hupatikana kwa shida.

Cookham kiko kando ya Mto Thames, maili tatu hivi kaskazini mwa Maidenhead, na kimegawanyika katika sehemu tatu. Asiyelijua hilo anaweza kununua asichokitarajia. Kijiji chenyewe cha kale, chenye High Street na Kanisa la Utatu Mtakatifu, kiko chini karibu na mto. Cookham Rise, ambako ndiko kituo cha treni kiliko, ni sehemu ya nyumba za karne ya 19 na ya 20, nyingi zikiwa za kawaida kabisa. Cookham Dean iko juu kilimani, ina miti mingi na nyumba zilizotawanyika, na bila gari maisha yake ni magumu. Mchoraji Stanley Spencer alizaliwa kijijini hapo mwaka 1891 na kukichora karibu maisha yake yote; picha zake huonyeshwa katika jengo lililokuwa kanisa la Wamethodisti. Dalali anaposema "nyumba ya Cookham", swali la kwanza liwe ni Cookham ipi.

Reli na saa za mtu

Kwa anayekwenda ofisini siku nne au tano kwa wiki, Great Missenden kinashinda, na sioni haja ya kuzungukazunguka katika hilo. Treni huenda moja kwa moja hadi kituo cha Marylebone kwa takriban dakika 40 hadi 45, na kwa kawaida hupita mbili kila saa. Reli ilifika kijijini mwaka 1892, na kituo kinachofuata kuelekea London ni Amersham, ambako njia ya Metropolitan ya treni za chini ya ardhi inaishia. Kwa hiyo siku ambayo huduma ya Marylebone imevurugika, msafiri bado ana mlango wa pili. Udhaifu wake ni kwamba Marylebone iko upande wa magharibi wa katikati ya jiji. Mwenye ofisi karibu na Benki Kuu ya Uingereza au Canary Wharf, mtaa wa mabenki mashariki mwa London, atalazimika kubadilisha treni, na dakika 45 za kwenye ratiba zitakuwa zaidi ya saa moja na robo mlango kwa mlango.

Cookham kina hali ya kinyume. Kituo chake kiko kwenye tawi la reli lenye njia moja tu linalotoka Maidenhead kwenda Marlow, na nje ya saa za msongamano treni kwa kawaida hupita moja tu kila saa. Safari ya kufika Maidenhead haizidi dakika kumi, lakini anayeikosa treni hiyo kwa dakika moja hupoteza saa nzima au humpigia mtu simu aje kumchukua kwa gari. Akishafika Maidenhead, mambo hubadilika. Treni za haraka hufika Paddington kwa chini ya nusu saa, na njia ya Elizabeth, ambayo sehemu yake ya katikati ilifunguliwa tarehe 24 Mei 2022, humpeleka abiria hadi Liverpool Street na Canary Wharf bila kushuka. Mfanyakazi wa Canary Wharf anayekwenda ofisini Jumanne na Alhamisi tu anaweza kuona Cookham kinamfaa zaidi kuliko Great Missenden. Kwa mtu wa namna hiyo kuna tiketi maalumu iliyoanzishwa Juni 2021, inayompa siku nane za safari ndani ya siku 28, na inafaa kupigiwa hesabu kabla ya kulipia tiketi ya mwaka mzima.

Kwa Waswahili wengi kuna safari nyingine ya kuhesabiwa, nayo ni ya kwenda nyumbani. Ndege nyingi za Nairobi huondoka Heathrow, na vijiji vyote viwili vina njia ya barabara kuu ya kufika huko, ila Cookham kiko karibu zaidi. Mwenye mama mgonjwa Mombasa anajua thamani ya nusu saa usiku wa manane.

Maji ya juu na maji ya chini

Suala hili ndilo ningependa msomaji alitulie, kwa sababu ndilo linalofichwa na jua la mwezi wa Juni, mwezi ambao watu wengi huenda kutazama nyumba.

Ukitoka Cookham Rise kwenda kijiji cha chini unavuka uwanda wa nyasi uitwao Cookham Moor. Pembeni ya barabara utaona njia ya waenda kwa miguu iliyoinuliwa kwa matofali, juu zaidi ya usawa wa uwanda wenyewe. Katika kiangazi inaonekana kama pambo tu. Watoto hukimbia juu yake na wazee hupumzika. Njia hiyo ilijengwa kwa sababu uwanda huo hugeuka kuwa maji. Majira ya baridi ya mwaka 2013 kuingia 2014, Thames ilipofurika, barabara za chini zilizama na kijiji cha chini kikabaki kama kisiwa. Mnunuzi atasikia kwamba serikali ilichimba mfereji mkubwa, Jubilee River, uliokamilika mwaka 2002. Ni kweli, lakini mfereji huo unaanzia chini zaidi ya Cookham na ulikusudiwa kuzilinda Maidenhead, Windsor na Eton. Asiuchukue kuwa ni ngao yake.

Mafuriko ya mto yana jambo moja la afadhali: yanaonekana yakija. Ramani za serikali zinaonyesha kila nyumba iko katika kiwango gani cha hatari, na tahadhari hutolewa mapema. Huko Great Missenden tabia ya maji ni nyingine. Vilima vya Chiltern ni mwamba wa chaki, ambao hunywa mvua kama sifongo. Misbourne ni kijito cha chaki. Katika miaka ya ukame sehemu yake ya juu hukauka kabisa, na mgeni anaweza kusimama juu ya daraja akaona nyasi tupu chini yake. Baada ya majira ya baridi yenye mvua nyingi, usawa wa maji ndani ya mwamba hupanda polepole, na maji huweza kutokeza kupitia sakafu wiki kadhaa baada ya mvua kukatika, hata mbali kidogo na mkondo wenyewe. Magunia ya mchanga mlangoni hayazuii maji yanayotoka chini ya jiko. Kwa hiyo Cookham muulize jirani mto ulifika wapi mwaka 2014. Great Missenden muulize kama kuna pampu ndani ya chumba cha chini ya nyumba, na iliwashwa lini mara ya mwisho.

Bima haipaswi kuachwa hadi siku ya mwisho. Tangu Aprili 2016 kuna mpango wa kitaifa uitwao Flood Re, unaowawezesha wenye nyumba zilizo hatarini kupata bima kwa gharama inayovumilika, na utaendelea hadi mwaka 2039. Nyumba zilizojengwa kuanzia tarehe 1 Januari 2009 hazimo. Hapa nyumba kuukuu ina nafuu kuliko mpya, jambo ambalo halitokei mara nyingi.

Ukuta wa zamani na sheria yake

Katika vijiji vyote viwili eneo la High Street ni eneo la hifadhi, na nyumba nyingi ziko katika orodha ya taifa ya majengo ya urithi. Majengo hayo hupangwa katika madaraja ya I, II* na II, na kiasi cha tisa katika kila kumi ni ya daraja la II. Madalali hupenda kusema kwamba daraja la II si zito. Si sahihi. Ulinzi wa sheria ya mwaka 1990 hulihusu jengo zima, ndani na nje, na kwa kawaida hata kibanda au ukuta wa bustani uliokuwapo kabla ya tarehe 1 Julai 1948. Kuliharibu au kulibadilisha bila kibali ni kosa la jinai linaloweza kumpeleka mtu jela hadi miaka miwili. Na kosa hilo halizeeki: kama mwenye nyumba wa zamani aliondoa ngazi ya mbao au akaweka madirisha ya plastiki bila kibali, halmashauri inaweza kumwamuru mwenye nyumba wa sasa arudishe kila kitu kwa gharama yake, hata miaka 30 ikiwa imepita. Wakili wako aitishe vibali vya kila badiliko unaloliona, na penye badiliko pasipo karatasi, muuzaji atatue kabla hujatia saini.

Msomaji aliyekulia Mji Mkongwe wa Zanzibar au Lamu ataelewa haraka kuliko Waingereza wengi jambo la kuta. Kule nyumba za mawe ya matumbawe zilijengwa kwa chokaa, na kila fundi mzee anajua kwamba ukizipiga lipu ya saruji unaufungia unyevu ndani, boriti zinaoza na lipu yenyewe inabanduka kwa mapande. Nyumba za kale za Great Missenden, za matofali na mawe ya gumegume juu ya fremu za mbao, na zile za Cookham, zina maumbile yaleyale: ukuta unapumua kupitia chokaa. Unapotazama nyumba, omba ruhusa, kisha kwaruza kwa sarafu kiungo kati ya matofali mawili mahali pasipoonekana. Chokaa itaacha unga mweupe kwenye kidole. Saruji haitakwaruzika, na mara nyingi utaona uso wa matofali yaliyo jirani nayo umechunika, kwa sababu maji yaliyokosa njia kwenye kiungo yametafuta njia kwenye tofali, kisha baridi ikayagandisha. Nyumba iliyotiwa saruji pande zote si lazima uikatae, lakini gharama ya kuirudisha kwenye chokaa iingie katika bei unayotaja.

Kwa nyumba kama hizo lipia ukaguzi wa kiwango cha 3 (Level 3), ambao ndio wa kina zaidi, na umtafute mkaguzi aliyezoea majengo ya kale. Ukaguzi anaoufanya mwenye benki kwa ajili ya mkopo wa nyumba humlinda mwenye benki. Mwulize pia wakili kuhusu chumba kinachopita juu ya uchochoro au juu ya duka la jirani, hali inayopatikana katika nyumba za kale zilizoshikana, kwa sababu baadhi ya wakopeshaji huikwepa.

Anayevutwa na kijiji lakini hataki mzigo huu ana njia iliyo wazi: anunue nyumba ya karne ya 20 umbali wa dakika kumi kwa miguu kutoka mtaa wa kale. Katika hili Cookham kina nafasi nzuri zaidi, kwa sababu Cookham Rise yote iko karibu na kituo, na mpango wa halmashauri uliopitishwa mwaka 2022 ulitenga ardhi ya nyumba mpya. Upande wa Great Missenden, jambo kubwa la ujenzi limekuwa reli ya mwendo kasi ya HS2, ambayo handaki lake la kilomita 16 chini ya Chiltern linatokeza karibu na South Heath, jirani kabisa na kijiji. Uchimbaji wa handaki ulimalizika mwaka 2024, ila kazi za juu ya ardhi bado zinaendelea. Kama nyumba unayoitaka iko upande huo, isikilize siku ya kazi, asubuhi.

Ushuru unaowashtua wenye nyumba Afrika Mashariki

Katika ushuru wa stempu, ambao mnunuzi wa nyumba huilipa serikali, vijiji hivi havitofautiani hata kidogo, lakini sitaki kuupita, kwa kuwa umewaumiza watu wetu. Kwa viwango vinavyotumika tangu tarehe 1 Aprili 2025, nyumba ya pauni 650,000 hutozwa pauni 22,500. Mtu ambaye tayari ana nyumba nyingine hutozwa asilimia 5 zaidi ya bei yote, na sheria huhesabu nyumba popote duniani. Aliyejenga Kigamboni au Nyali, na hisa yake ikawa na thamani ya pauni 40,000 au zaidi, atalipa pauni 55,000 badala ya 22,500, hata kama hajawahi kumiliki chumba kimoja Uingereza. Mume na mke huhesabiwa pamoja, hivyo nyumba iliyo kwa jina la mke peke yake haimwokoi mume. Anayeuza makazi yake makuu ya awali na kununua mengine ana msamaha, na hisa ya urithi isiyozidi nusu iliyopatikana katika miaka mitatu iliyopita haihesabiwi. Hayo ni ya kumwambia wakili siku ya kwanza. Anayenunua akiwa bado anaishi Muscat au Nairobi huongezewa asilimia 2 nyingine.

Katika kodi ya halmashauri, Cookham kina unafuu. Halmashauri ya Windsor na Maidenhead imekuwa kwa miaka mingi miongoni mwa zile zinazotoza kidogo zaidi nje ya London, ingawa mwaka 2025 serikali iliiruhusu kupandisha kwa karibu asilimia 9 kwa mpigo.

Kumbuka pia kwamba Uingereza kukubaliwa kwa bei yako hakumfungi muuzaji. Mpaka mpeane mikataba iliyotiwa saini, na kwa kawaida asilimia 10 ilipwe, anaweza kumpa mwingine aliyeongeza pesa, na fedha za ukaguzi na za wakili hazirudi.

Watoto, ibada na sokoni

Buckinghamshire bado ina shule za sekondari zinazochagua wanafunzi kwa mtihani. Mtoto wa Great Missenden hufanya mtihani huo Septemba, mwanzoni mwa mwaka wake wa mwisho wa shule ya msingi, na anayepata 121 au zaidi huhesabiwa amefaulu na kuweza kuomba nafasi katika shule kama Dr Challoner's ya Amersham au Chesham Grammar. Asiyefaulu ana The Misbourne School hapohapo kijijini. Kuna wazazi wanaohamia huko kwa ajili ya mtihani huo tu, na mimi ningewasihi wamtazame mtoto waliye naye kabla ya kutazama nyumba. Cookham hakuna mchujo. Watoto wengi huendelea na masomo Furze Platt, Maidenhead, na mzazi anayetaka anaweza kumwandikisha mwanawe kwa mtihani wa ng'ambo ya mto, yaani wa Buckinghamshire. Kwa mtoto anayekomaa polepole, au aliyefika Uingereza akiwa na miaka tisa na Kiingereza bado kinamsumbua, Cookham ni makao ya upole zaidi.

Hakuna msikiti katika kijiji chochote kati ya hivi. Wa Great Missenden huenda Chesham, wa Cookham huenda Maidenhead, na pote gari ni lazima kwa mwenye kutaka sala ya Ijumaa na madrasa ya watoto jioni. Kwa unga wa ugali, ndizi mbichi na samaki wa kukaanga wa aina tuliyoizoea, Cookham kiko karibu zaidi na Slough na Reading.

Basi, mwenye watoto wanaopenda masomo na kazi ya ofisini ya kila siku upande wa magharibi wa London, ningemshauri achukue nyumba ya karne ya 20 Great Missenden, juu ya usawa wa bonde, ambako kituo kinafikika kwa miguu na chaki haiwezi kumletea maji sakafuni. Mwenye siku mbili za ofisi kwa wiki na jamaa wa kusafiri kwao mara kwa mara, achukue Cookham Rise. Nyumba za kale za High Street, huku na kule, ningemwachia yule ambaye baada ya kulipa kila kitu bado ana akiba ya fundi wa chokaa, na aliyekwenda kuitazama nyumba hiyo kwa mara ya pili mwezi wa Februari, siku ya mvua, kwa treni ileile atakayoipanda kila asubuhi.